Mashindano ya Magari ya Jua na Paa la Daladala Letu

Yapo mashindano ya magari ya jua, yaani yanayokwenda kwa umeme wa paneli za jua, huko Australia, kutoka Darwin hadi Adelaide, masafa ya kiasi cha kilomita 3,000. Kila yanapotajwa hapa Unguja, huulizwa kwa nini daladala za kisiwa ambacho urefu wake haufiki kilomita 90 ziendelee kutumia mafuta, ilhali wanafunzi wa vyuo wanavuka bara zima kwa jua tu.

Wanaoyatetea mashindano hayo wana hoja nzito. Yalipofanyika kwa mara ya kwanza, mwaka 1987, gari la Sunraycer la General Motors lilishinda kwa mwendo wa wastani wa kilomita 67 hivi kwa saa, na ujuzi uliopatikana ukasaidia kuzaa EV1, gari la umeme lililotoka mwaka 1996. JB Straubel, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya magari ya umeme ya Tesla, alipitia kwenye timu ya gari la jua ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Fundi aliyepewa nguvu kidogo hana budi kuhesabu kila wati: hupunguza uzito, hulainisha umbo ili upepo usilizuie gari, huchagua tairi na mota zisizopoteza nguvu.

Lakini jua nalo lina kiwango chake. Saa sita mchana, mita moja ya mraba hupata takriban wati 1,000, na paneli nzuri hugeuza kuwa umeme kama moja ya tano tu. Paneli za mita nne za mraba juu ya paa la gari hazitoi hata nusu ya nguvu ya birika kubwa la umeme. Kampuni ya Lightyear ya Uholanzi, iliyoasisiwa na vijana waliotoka katika mashindano hayo hayo, ilisimamisha utengenezaji wa gari lake la kwanza mwanzoni mwa 2023, gari ambalo bei yake ilikuwa ya matajiri.

Kwetu sisi kuna jambo jengine. Paa la daladala la shamba linaloingia sokoni Darajani, mjini, asubuhi limebeba matenga, magunia na mikungu ya ndizi, na utingo amepanda juu kuifungua kamba. Paneli itawekwa wapi? Naona mahali pake ni juu ya banda la kituo, ichaji betri za daladala za umeme kutwa nzima, hasa kwa kuwa umeme wetu hutoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari, na hakuna aliyesahau ile miezi mitatu ya giza ya 2009 na 2010.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaosema kwamba mashindano hayo hayatuhusu. Bodi za mbao za daladala zetu huundwa na mafundi wetu wenyewe, kwa hiyo kuzipunguza uzito kumo mikononi mwetu, na kila kilo inayotoka huipunguzia betri mzigo na bei. Vijana wa vyuo vyetu wakitaka kuanza, na waende karakana na mizani, waipime bodi moja ubao kwa ubao, kabla ya kununua paneli yoyote.