Kichwa Changu na Mlenda wa Mjomba

Mwenye nywele za kipilipili hapangi kusuka na sherehe siku moja. Kila mwanamke wa Dar analijua hilo, na kila Jumamosi asubuhi mabaraza ya wasusi yamejaa wanawake wenye sherehe jioni. Mimi nilikuwemo. Sendofu ya mdogo wangu, binti wa mama mdogo, iliandikwa saa kumi na mbili jioni, maana yake saa mbili usiku, na mimi ndiye dada mkubwa niliyepangiwa kumtangulia bibi harusi ukumbini nikicheza. Kamati ilishapitisha kila kitu: gauni la kijani, viatu vya dhahabu, ua moja upande wa kushoto wa kichwa. Vilemba ni vya akina mama tu. Sisi wadada, nywele zionekane. Hilo la vilemba lilipigiwa kura kabisa, kwa hiyo usije ukaniuliza kwa nini sikujifunga kitambaa.

Kwa upande wangu nilijiandaa vizuri sana. Alhamisi usiku nilifumua rasta za zamani. Mume wangu alipoliona bonge la nywele kwenye ndoo ya taka, aliniuliza kwa sauti ya chini kama nimeshapima. Nikamweleza kwamba kichwa cha mtu mzima asiyeumwa hudondosha nywele 50 hadi 100 kila siku, ila zikiwa zimesukwa hazina pa kwenda, zinangoja siku ya kufumuliwa ndipo zitoke zote. Akapiga hesabu kwenye simu, akapata maelfu, akanyamaza. Asubuhi nikamkuta anakagua mto wangu.

Ijumaa nikazipaka mafuta ya nazi kabla ya kuosha, kwa sababu nywele zilizojikunja hivi mafuta ya ngozi ya kichwa hayateremki mpaka nchani, yanaishia njiani. Nikaziosha kwa mafungu, nikazichana zikiwa bado na kondishena, kuanzia nchani kurudi kwenye shina, kwa chanuo la meno mapana. Zikiwa zimelowa na ukizivuta, zinafika begani. Zikikauka zinapanda masikioni, na wifi yangu anauliza nimekata lini.

Msusi wangu anasukia barazani kwake Tandika, na ninampendea mkono wake mwepesi. Wapo wanaokubana hadi unalala macho wazi, paji linatoka vipele, na zile nywele za pembeni zikishavutwa hivyo miaka na miaka zinang'oka, nyingine zisirudi tena. Yeye habani. Kasoro yake ni simu.

Tulianza mapema, rasta za rangi namba 33, nyembamba, za kufika kiunoni. Hadi saa saba mchana upande wote wa kulia ulikuwa umekwisha na unapendeza. Ndipo simu ikaita. Upatu wa mtaani kwao ulikuwa umemwangukia yeye, na asiyefika kwa wakati anarukwa. Akasimama, akakung'uta vipande vya rasta kwenye dera, akaingia ndani kuchukua mtandio, akatoka, akapiga kufuli mlangoni.

"Dada, nakuja sasa hivi. Usiguse kitu."

Sikugusa kitu mpaka saa tisa. Simu haipatikani. Pakiti zangu zilizobaki nilikuwa naziona kupitia nondo za dirisha, zimelala juu ya kochi. Nikazunguka maduka ya Tandika: namba 1 ipo, namba 27 ipo, ya zambarau ipo hata ukitaka gunia. Namba 33 mpaka Jumatatu. Kufumua upande uliosukwa nako ni kazi ya nusu siku. Nikajitupia kanga kichwani, nikakodi bajaji kwenda Tabata kwa mama mdogo, na upepo wa Barabara ya Mandela ukaichukua kanga kabla hatujafika mbali. Dereva akanitazama kwenye kioo upande wa kulia. Akahamisha macho upande wa kushoto, ambako nywele zangu zilikuwa zimekauka na jua na kusimama wima.

"Sista," akasema, "na huyu mwingine tunamshushia wapi?"

Nyumba ya sherehe kila mtu ni fundi. Mama mdogo, aliyekuwa anahesabu soda, aliacha soda akaniletea wigi lake. Bibi, aliyekuwa amelala mkekani na sote tukidhani amesinzia, akafumbua jicho moja.

"Mke mwenzangu, ukivaa hicho mimi siendi."

Bibi alikuwa msichana wa Kariakoo ilipoanza Operesheni Vijana, Januari 1969, Umoja wa Vijana wa TANU ulipopiga marufuku mawigi, vimini na mikorogo. Anayataja hayo kwa uchungu wa mtu aliyekuwa nalo wigi. Alilificha kwenye debe la mchele, na siku aliyolitoa panya walikuwa wameshazalia humo. Tangu hapo hataki kuliona. Hata hivyo wigi lenyewe lilikataa kuingia: upande wa kulia lilikalia mlima wa rasta, upande wa kushoto likaning'inia.

Wakati Bibi anasimulia habari za panya, mama mdogo alikuwa ameshalaza chanuo la chuma juu ya jiko la mkaa. Luku ilikuwa imekata, na draya haiendi kwa maombi. Alinijia kwa nyuma. Nilisikia harufu ya kuungua kabla sijasikia joto, na niliporuka, shungi moja la mbele lilikuwa tayari limenyooka hadi kwenye pua. Limebaki hivyo mpaka leo. Nywele ya kipilipili ikishaunguzwa kiasi hicho haijikunji tena hata uiloweke mtoni. Unangoja nyingine iote, kama sentimita moja kwa mwezi, huku unapunguza ile iliyoungua kidogo kidogo. Mama mdogo anasema imenipa sura ya kisasa.

Bibi akaniita nikae katikati ya magoti yake. Mtoto akatumwa dukani kuleta uzi mweusi. Kusuka kwa uzi ni ufundi ambao sasa vijana wengi wanauona wa kishamba, lakini nikuambie, hakuna kinachonyoosha nywele zetu bila moto kama uzi. Bibi alichukua fungu dogo, akaanza kuzungusha kutoka shinani, uzi umekaza na mizunguko imebanana, akashuka nao mpaka nchani, akafunga fundo, akakata kwa meno. Kila kijiti kilichokamilika kilisimama chenyewe. Mpango wake ulikuwa wa akili: vijiti vikae saa mbili hivi, vifunguliwe, nywele zitoke ndefu, tuzikusanye pamoja na rasta kwenye fundo moja upande wa kushoto, ua lizibe dosari.

Mpango huo ulihitaji kitu cha kulazia nywele. Hapo ndipo binti wa shangazi, anayesoma chuo na anayejua kila kitu kuhusu nywele asili, alipojitolea kutengeneza jeli. Akachemsha bamia mpaka maji yakawa mazito, akayachuja kwa kitambaa, akapata ute safi unaovutika, akaongeza mafuta ya nyonyo ili nywele zing'ae. Akauweka kwenye bakuli jikoni, akafunika na kawa, upoe.

Mjomba naye akawa ndiyo anaingia kutoka Dodoma. Alishuka kwenye treni ya SGR na njaa yake, akasalimia, akaenda moja kwa moja jikoni kama wanavyofanya wajomba. Kwenye hotipoti kulikuwa na ugali. Pembeni ya hotipoti kulikuwa na bakuli lenye kawa.

Sasa, Mjomba ni Mgogo kwa mama yake na amelelewa kwa mlenda. Binti wa shangazi alipofuata jeli yake alikuta bakuli limelambwa, na Mjomba anajifuta mdomo.

"Huu mlenda kapika nani? Chumvi haikufika, lakini unavutika vizuri. Nyie watu wa Pwani mnaanza kujifunza."

Hakuna aliyejibu. Yule binti alirudi uani, akamnong'oneza Bibi. Bibi akasimamisha uzi.

"Nyonyo ulitia vijiko vingapi?"

"Vitatu, Bibi. Vile vikubwa."

Bibi alinyweshwa nyonyo utotoni kila alipofunga choo, kwa hiyo hakuhitaji daktari. Akahesabu kwa vidole, akatikisa kichwa. "Itamshika wakati wa hotuba." Kisha akaendelea kusuka.

Kwa kweli tulifika ukumbini vizuri. Nyuzi zilifunguliwa, nywele zikatoka ndefu hadi mimi mwenyewe nikashangaa, fundo likakaa, ua likakaa. Lakini Dar ni Dar. Ule unyevu wa usiku, watu mia tatu wanahema, feni zinasukuma joto tu. Tukiwa tumepanga mstari mlangoni nilianza kusikia nywele za kushoto zinarudi kwao. Zinajikunja taratibu, zinaponyoka kwenye fundo moja moja. Ua likainama. Bila jeli hakukuwa na cha kuzizuia, na jeli ilikuwa tumboni kwa Mjomba, meza kuu.

Mtu akanigusa bega. Msusi. Dera lile lile, kitana mkononi, mfuko wenye namba 33 begani, na nyuma yake wasichana wawili.

"Nilikwambia nakuja sasa hivi."

Alikuwa amepita nyumbani, akaelekezwa ukumbini, na hoja yake ilikuwa fupi: nimeshamlipa nusu, na yeye hali pesa ya mtu kwa kazi ambayo haijaisha. Nilivutwa kupitia mlango wa pembeni hadi nyuma ya jiko, nikakalishwa juu ya kreti ya soda kati ya masufuria ya pilau. Mikono sita ikaingia upande wa kushoto. MC akatangaza dada wa bibi harusi. Akatangaza tena. Nikasikia muziki umeanza, na vigelegele, na bibi harusi akaingia akitanguliwa na binti wa shangazi, ambaye hata hatua hakuzijua.

Kwa ajili ya haraka, rasta za kushoto zilisukwa nene. Za kulia ziko kama uzi wa charahani, za kushoto kila moja unaweza kufungia ng'ombe. Ikabaki kuchovya ncha kwenye maji ya moto zisifumuke, na maji ya moto pekee yaliyokuwepo yalikuwa ya chai ya wageni, yameshatiwa tangawizi na iliki. Msusi hakusita. Akazikusanya zote, akazitumbukiza, akazikausha kwa aproni ya mpishi.

"Na sasa tumsikie Mjomba!" MC akasema.

Mjomba alitupita mbio, koti mkononi, akiulizia choo. Baada ya muda alirudi, akatengeneza tai, akafika hadi pazia la ukumbi, akageuka. MC akasema Mjomba yuko njiani. Alikuwa kweli njiani, ila njia nyingine. Mwishowe Bibi alishika maikrofoni kwa niaba ya ukoo. Alimwombea mjukuu wake heri na watoto, kisha akawaeleza wakwe, kwa kirefu, habari za wigi, TANU na panya.

Niliingia wakati wa zawadi. Kwenye picha zote mpiga picha amenipata upande mmoja tu, na sijui kama alifanya kwa huruma au aliombwa na kamati. Wakwe waliokaa karibu nami walisema wananusia chai, wakamwita mhudumu. Msusi alichukua nusu yake iliyobaki, akadai na nauli ya watu watatu, akaondoka na sahani tatu za pilau zilizofunikwa kwa foili.

Juzi Mjomba amepiga simu kutoka Dodoma. Anasema alikuwa na wiki nzima tumbo limemjaa gesi, hali wala halali, na tangu usiku ule yuko mwepesi kabisa. Anataka kujua yule binti aliyepika mlenda ana mchumba, maana ana kijana wa rafiki yake huko, mwalimu, mtu wa heshima. Binti wa shangazi anasema aambiwe ukweli. Bibi amekataa. Anasema kwanza tusikie kuhusu mahari.