Hotuba Haikuwemo Kwenye Vipimo

Saa 12 jioni nilikuwa na glasi 60 za shoti, vile vinywaji vya kilevi vya kumeza kwa mkupuo mmoja. Kufikia saa 2 usiku, 20 zilizotakiwa ziwe maji zilikuwa zimeganda, 20 zilizotakiwa zigande zilikuwa maji, na 20 zilizobaki, zile pekee zilizotoka kama nilivyopanga, zilikuwa zimempalia shemeji mpaka akapelekwa nje kupata hewa.

Ilikuwa siku ya kuzaliwa ya mke wangu, watu 20, sisi wawili tukiwemo. Nikajitia ujuaji: keki ya nini, wakati kila mtu anaweza kupata vitindamlo vitatu kwa mikupuo mitatu? Tiramisu (kile kitindamlo cha Kiitaliano cha kahawa na krimu), jeli ya nanasi na pai ya limau. Glasi zenyewe ni za mililita 45, lakini usizijaze zaidi ya 40, kwa sababu zitabebwa kwenye sinia na mtu anayecheka.

Tiramisu haina mengi. Chini Kahlúa, pombe tamu ya kahawa, mililita 15; katikati Baileys, pombe tamu ya krimu, 15; juu vodka ya vanila 10. Watu hudhani zile tabaka ni wepesi wa mkono, kumbe ni sukari. Kahlúa imejaa sukari, ni nzito, inakaa chini. Baileys inafuata. Vodka ni nyepesi hata kuliko maji. Ukipindua mpangilio, kila unachomimina kinampita mwenzake njiani na unabaki na glasi ya tope. Geuza kijiko mgongo juu, ncha yake iguse ukuta wa glasi, kisha mimina kama mchoyo. Hapo sikukosea. Nilikosea kwenye kakao, niliyoichunga kavu juu ya vodka. Mtu akitaka kubugia shoti hurusha kichwa nyuma na kuvuta pumzi, na kakao ni vumbi. Shemeji alivuta, akakohoa wingu, na shati jeupe la jirani yetu likapata madoadoa. Kakao inataka kitanda cha krimu iliyopigwa, kijiko kimoja cha chai tu, ili ishike unyevu. Au kwaruza chokoleti. Vipande vyake vizito, haviruki.

Hiyo ndiyo iliyofanikiwa. Tuje kwenye jeli.

Pakiti ya jeli ya gramu 85 kwa kawaida inataka mililita 240 za maji yanayochemka na 240 za maji baridi. Ya shoti, yale ya moto hayaguswi: koroga dakika 2 nzima mpaka usione chembe hata moja mgongoni mwa kijiko. Yale ya baridi ndiyo unayagawa, 120 yabaki maji, 120 yawe vodka, na vodka iingie mwisho, mchanganyiko ukishaacha kufuka, maana kilevi huchemka kwenye nyuzijoto 78 na utakuwa unainywesha dari. Unapata mililita 480, yaani 24 kwa kila glasi, zenye kilevi cha asilimia 10 hivi. Ukitia mkono mzito, jeli inalegea.

Mimi nikaona kutumia maji baridi ni ushamba. Nikakamua nanasi bichi, mililita 120, nikatia badala yake. Baada ya saa 4 kwenye friji nikainamisha glasi ya kwanza: chwa! Sakafuni. Nikalaumu friji, nikaigeuza hadi baridi ya mwisho. Nikaongeza jelatini ya unga, ikaliwa nayo. Nikahamishia zote kwenye friza, na saa 12 zilikuwa ngumu kama jiwe, nikajipongeza kwa sauti. Lakini ile haikuwa jeli, ilikuwa barafu. Dakika 10 mezani, na kila moja ikarudia asili yake.

Nanasi bichi lina kimeng'enya kiitwacho bromelaini, ambacho kazi yake ni kukatakata protini, na jelatini ni protini tupu. Ndiyo maana nyama ikilowekwa kwenye nanasi hulainika. Kwa maneno mengine, nilitia kilainisha nyama kwenye jeli, halafu nikagombana na friji. Papai bichi na kiwi vina tabia hiyo hiyo. Joto hukiua: chemsha juisi dakika chache kabla ya kuitumia, au tumia nanasi la kopo, ambalo limeshapikwa kiwandani. Nilikuwa na kopo kabatini. Sitaki kulizungumzia.

Imebaki pai ya limau. Baileys mililita 25, vodka ya vanila 5, juisi ya limau 10 juu yake, na mdomo wa glasi umepakwa asali kisha ukachovywa kwenye biskuti zilizosagwa. Saa 11 nilijaribu moja. Nikamimina juisi, nikabugia hapo hapo, tamu ajabu. Jaribio lenyewe ndilo lililonidanganya. Baileys ina krimu, krimu ina protini ya maziwa iitwayo kaseini, na kaseini hushikana mabonge uchachu ukifika pH ya 4.6 hivi (pH ni kipimo cha uchachu, na namba ikishuka uchachu huzidi). Juisi ya limau iko kwenye 2 na kitu. Ukimeza ndani ya sekunde mbili tatu, tumbo ndilo litakalojua. Ukichelewa, glasi inajua kwanza. Wahudumu wa baa wana shoti ya utani, Baileys na juisi ya ndimu, inayoitwa Cement Mixer, mashine ya kuchanganyia saruji. Mimi wakati huo sikuwa nimeisikia.

Shoti za limau nilizihifadhi za kutakiana heri. Kila mgeni kashika yake, juisi nimeimimina sasa hivi, biskuti zinang'aa. Nikasema, "Haya, kwa pamoja, moja, mbili..." na baba mkwe akainua mkono.

"Mwanangu, kabla hatujanywa, nina maneno mawili."

"Naam, baba."

Maneno mawili yalichukua dakika 14. Alianzia siku mke wangu alipozaliwa. Mimi macho kwenye glasi. Dakika ya kwanza, uzi mweupe ukashuka. Ya tatu, mawingu. Ya sita, mtoto akiwa ndio kwanza anaota meno, mabonge yalikuwa yameanza kushikana mikono. Alipofika darasa la kwanza nikainamisha glasi yangu kidogo, na kilichokuwemo hakikuinama.

Mke wangu akaninong'oneza, "Yangu ina uvimbe."

"Nyamaza, baba anaongea."

Hatimaye akasema, "Basi, tunywe!" Vichwa 20 vikaenda nyuma, vikakaa huko. Hakuna aliyemeza kitu. Shemeji, aliyekuwa ndio kwanza amerudi kutoka nje, akagonga kitako cha glasi kama anayetoa sosi iliyogoma. Bonge likateleza, likamtua kwenye kidevu.

Ukitaka limau na krimu viishi nyumba moja, acha juisi, tumia ganda. Harufu ya limau imo kwenye mafuta ya ganda, na mafuta hayo hayakati maziwa. Kwaruza malimau 3, sehemu ya njano tu kwa sababu ile nyeupe ni chungu, loweka kwenye mililita 100 za vodka ya vanila kwa saa 2, chuja. Hiyo ndiyo vodka yako ya glasi 20, mililita 5 kila moja, na ile nafasi ya juisi ijaze kwa Baileys. Haikatiki hata hotuba ikianzia ujauzito.

Usiku ule, lakini, aliyeinusuru sherehe ni mwenye hotuba mwenyewe. Baba mkwe aliitazama glasi yake, akanusa, akaomba kijiko. Akala taratibu, pamoja na biskuti za ukingoni. Akachukua na ya mama mkwe. Kisha akanielekezea kijiko zile glasi 20 za njano pembeni ya meza, akaniuliza kama ile juisi ya nanasi ndiyo ya kushushia.