ACT-Wazalendo baada ya Oktoba 2025: Pemba peke yake haitoshi

Mwaka 2020 kura halali za urais wa Muungano zilikuwa 14,830,195. Asilimia 5 ya hizo ni kura 741,500 hivi. Tuzitumie kama makadirio tu, kwa sababu asilimia 5 ya kura za ubunge ndicho kizingiti ambacho chama hutakiwa kukifikia ili kipate mgao wa viti maalumu vya wanawake bungeni. Sasa tazama upande wa pili: daftari la Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar mwaka huo lilikuwa na wapiga kura 566,352. Hata kila aliyeandikishwa Unguja na Pemba angekipigia chama kimoja, chama hicho kisingefika. Mjadala wowote kuhusu kukua kwa ACT-Wazalendo unapaswa kuanzia kwenye hesabu hii.

Chama kilisajiliwa Mei 2014, na Zitto Kabwe akajiunga nacho Machi 2015 alipoachana na Chadema. Katika uchaguzi wa mwaka huo mgombea urais wake, Anna Mghwira, alipata kura 98,763, sawa na asilimia 0.65, na chama kikaambulia jimbo moja la Kigoma Mjini. Kisha ikaja Machi 2019. Mahakama Kuu ikamtambua Profesa Ibrahim Lipumba kuwa mwenyekiti halali wa CUF, naye Maalim Seif Sharif Hamad, aliyekuwa Katibu Mkuu wa chama hicho na mpinzani wa Lipumba, akahamia ACT na wafuasi wake kwa wito wa "shusha tanga, pandisha tanga". Karibu mtandao wote wa CUF Zanzibar, kuanzia matawi hadi viongozi, ukabadili bendera kwa muda mfupi sana. Hakuna chama kingine nchini kilichokua kwa kasi hiyo, lakini ukuaji wenyewe ulikuwa wa kupokea watu waliokwisha kujengwa na chama kingine.

Upande wa Bara jambo kama hilo halikutokea. Mwaka 2020 chama kilimsimamisha Bernard Membe, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje kwa miaka mingi. Alipata kura 81,129, pungufu ya zile za Mghwira ambaye jina lake halikuwa kubwa hata kidogo. Ni kweli kwamba Zitto na Maalim Seif walitangaza kumuunga mkono Tundu Lissu wa Chadema kabla ya siku ya kura, kwa hiyo kulinganisha kuna mipaka. Hata hivyo, Agosti 2025 chama kilirudia njia ileile kwa kumpokea Luhaga Mpina kutoka CCM na kumpa tiketi ya urais. Tume ikamwengua, Mahakama Kuu ikamrejesha, tume ikamwengua tena baada ya pingamizi la Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Wiki kadhaa za kampeni zikaishia kwenye mawakili.

Matokeo ya chaguzi hizi yanasomwa kwa namna mbili. Walio upande wa serikali husema takwimu zinajieleza: katika urais wa Zanzibar mwaka 2020 Dk. Hussein Mwinyi wa CCM alipata asilimia 76.27 na Maalim Seif wa ACT 19.87, mwaka 2025 Mwinyi akapata 74.8 na Othman Masoud wa ACT 23 na ushei. ACT husema hizo si kura za wananchi, ikitaja wagombea walioenguliwa, mawakala waliozuiwa vituoni na kura ya mapema iliyopigwa siku moja kabla.

Kwa Zanzibar hoja ya ACT ina uzito mkubwa. Mwaka 2010 Maalim Seif huyohuyo, akiwa CUF, alipata asilimia 49.1 dhidi ya 50.1 za Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM, na uchaguzi wa Zanzibar wa 2015 ukafutwa na mwenyekiti wa tume kabla matokeo hayajakamilika kutangazwa. Kuamini kwamba zaidi ya nusu ya wafuasi hao waliyeyuka wenyewe kunahitaji maelezo ambayo hayajatolewa. Kwa Bara hoja hiyo haitoshi. Mwaka 2015 mgombea wa Chadema na Ukawa, umoja wa vyama vya upinzani, alipata karibu asilimia 40 chini ya tume ileile iliyoipa ACT asilimia 0.65. Udhaifu wa Bara ulikuwepo kabla ya yote yaliyofuata.

Je, chama kiendelee kushiriki? Mwaka 2025 Chadema ilishikilia kwamba bila mabadiliko hakuna uchaguzi, ACT ikaingia kwa kauli ya kulinda demokrasia. Wanaoikosoa ACT wanasema ushiriki wake ulisaidia kuupa uhalali uchaguzi ulioishia kwa mtandao kuzimwa na watu kuuawa. Hoja hiyo ni nzito, na familia zilizopoteza watu zina haki ya kuiuliza. Jibu la ACT ni kwamba chama kisichoshiriki hupoteza madiwani, ruzuku na mazoezi ya kusimamia kura. Naliona jibu hilo kuwa na nguvu zaidi ngazi ya kata na jimbo kuliko ngazi ya urais wa Muungano, ambako Katiba, ibara ya 41(7), hairuhusu mahakama yoyote kuchunguza matokeo yakishatangazwa.

Serikali ya Umoja wa Kitaifa ya Zanzibar, inayoshirikisha CCM na upinzani, ni swali jingine gumu. Desemba 2020 chama kiliingia licha ya kuyakataa matokeo. Kilipata Makamu wa Kwanza wa Rais na wizara, ikiwemo Afya. Faida yake ni utulivu na nafasi ya kusikika. Hasara ni kwamba Makamu wa Kwanza ni mshauri, huku Makamu wa Pili, anayetoka chama cha Rais, akisimamia shughuli za serikali katika Baraza la Wawakilishi, yaani bunge la Zanzibar. Pemba ina majimbo 18 kati ya 50. Hata ikiyachukua yote, ACT haipati wingi bila Unguja. Kuingia serikalini bila ratiba iliyoandikwa ya mageuzi ya tume ni kulipa kabla ya kupokea.

Bara, fedha kidogo zilizopo zingeelekezwa kwenye majimbo 15 hadi 20: Kigoma, na ukanda ambao CUF ilishinda mwaka 2015, yaani Kilwa, Mtwara Mjini, Mchinga na Tanga Mjini. Kazi ianze na uchaguzi wa vijiji na mitaa wa 2029. Fomu za wagombea zikaguliwe na mwanasheria, majina yafanane herufi kwa herufi na daftari la wapiga kura, wadhamini wa mbunge wasiwe 25 kamili bali wazidi, na fomu zirudishwe mapema badala ya kusubiri saa 10 jioni ya siku ya mwisho, maana kosa dogo la saa hiyo halirekebishiki.

Mawakala ndio gharama kubwa. Jimbo lenye vituo 300 linahitaji mawakala 300 na akiba ya 30 hivi, wote wameapishwa na barua zao za utambulisho ziko mkononi siku moja kabla. Wapewe chakula na nauli, kwa sababu wakala mwenye njaa huondoka kabla ya kuhesabu, na bila nakala ya fomu ya matokeo ya kituo chama hakina cha kupeleka mahakamani kwenye kesi ya ubunge. Nchi nzima vituo vinakaribia 100,000. ACT haiwezi kuvilinda vyote, ila 5,000 inaviweza ikianza kuwatafuta watu hao sasa.