Kebo za sauti: tazama tundu kabla ya bei

Wengi wanaojenga sinema ya nyumbani hulinganisha televisheni, risiva (kifaa kinachopokea sauti na kuziendesha spika) na spika kwa makini sana, kisha wakifika kwenye kebo humwachia muuzaji awachagulie. Naye huanza na ile ya bei ya juu, yenye plagi ya dhahabu na ganda la nyuzi zilizosukwa, akieleza jinsi inavyosafisha sauti. Mimi hoja hiyo siikubali. Kebo haina cha kuongeza kwenye sauti. Huifikisha salama au huipunguza, na yanayoamua ni aina ya tundu, urefu wa njia na unene wa shaba.

Kiungo kinachowaponza wengi ni kile cha kati ya televisheni na risiva. Kebo ya optiki, ambayo Toshiba iliileta mwaka 1983 kwa ajili ya vichezeshi vya CD, hubeba chaneli mbili za sauti isiyobanwa, au chaneli 5.1, yaani tano pamoja na ya sabufa, zilizobanwa kwa mfumo wa Dolby Digital au DTS. Dolby TrueHD na DTS-HD Master Audio, mifumo ya sauti isiyopoteza ubora, hazipiti humo, wala Dolby Atmos, ile inayoleta sauti hata kutoka juu. Kwa hiyo aliyefunga spika za darini akaunganisha kwa optiki hatapata Atmos halisi, hata kebo yake iwe ya bei gani. Sifa yake moja nzuri ni kwamba haipitishi umeme, hivyo muungurumo wa kifaa kimoja hauhamii kwa kingine.

Kwa mfumo wa leo, mimi ningechagua HDMI. Toleo la 1.4 la mwaka 2009 lilileta ARC, yaani kurudisha sauti kutoka kwenye televisheni kwenda kwenye risiva kupitia kebo ileile inayoleta picha, na toleo la 2.1 la mwaka 2017 likaongeza eARC, inayobeba hadi megabiti 37 kwa sekunde, kiasi kinachotosha chaneli nane zisizobanwa. Ili uifaidi, vifaa vyote viwili lazima viwe nayo. Geuza televisheni uitazame mgongoni: kati ya matundu kadhaa ya HDMI, kwa kawaida ni moja tu lililoandikwa ARC au eARC, na ukichomeka kwingine picha itaonekana vizuri huku sauti ya televisheni ikikataa kufika kwenye risiva. Kisha fungua mipangilio ya sauti, kwa kuwa televisheni iliyoachwa kwenye PCM, yaani sauti isiyobanwa, mara nyingi hutoa chaneli mbili tu, na lawama zote zikaiangukia kebo isiyo na hatia.

Kuhusu bei ya kebo hizi za dijitali sina mengi. Data ikifika, imefika. Ikishindwa, sauti hukatikakatika au picha hupotea, na hakuna hali ya katikati ambamo besi inakuwa nzito kidogo kwa sababu ya dhahabu. Dhahabu huzuia kutu kwenye plagi, basi. Kebo ya HDMI yenye lebo ya Ultra High Speed, ya gigabiti 48 kwa sekunde, inunuliwe kwa mahitaji ya picha, kwa mfano 4K ya fremu 120 kwa sekunde. Sauti ya eARC hupita bila shida kwenye kebo ya daraja la chini yake, High Speed yenye Ethernet. Kizuri chajiuza, na kebo inayohitaji sifa nyingi kiasi hicho hunitia shaka.

Waya wa spika ni habari nyingine, kwa maana hapo unene una kazi halisi. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, kwa umbali wa mita 10, una ukinzani, yaani uzuiaji wa umeme, wa takriban omu 0.23 ukihesabu kwenda na kurudi. Kanuni inayotumika sana ni kwamba ukinzani wa waya usizidi asilimia 5 ya ule wa spika, yaani omu 0.4 kwa spika ya omu 8, hivyo waya huo unatosha. Spika ikiwa ya omu 4, kikomo hushuka hadi omu 0.2, na ni busara kuchukua milimita 2.5. Hesabu hizi ni za shaba tupu. Nyaya nyingi za bei ya chini ni alumini iliyopakwa shaba, ambayo ukinzani wake huzidi wa shaba kwa takriban nusu. Kwaruza uzi mmoja kwa kisu: weupe ukijitokeza chini ya wekundu, umeshaijua, na ukilazimika kuitumia chukua iliyo nene zaidi.

Unapofunga, fuata mstari uliochorwa kwenye ganda ili chanya iende kwa chanya kwenye kila spika. Ukizigeuza kwenye spika moja tu, besi hufifia na sauti za wazungumzaji hukosa mahali pa kukaa. Uzi mmoja uliochomoza ukigusa upande wa pili unaweza kuizima risiva, au kuiunguza kabisa.

Sabufa, spika ya besi, hutumia kebo moja ya RCA, ile ya plagi ya mviringo yenye pini moja katikati, na kwa kuwa humo sauti ni ya analogia, kinga ya waya uliosukwa kuizunguka ni ya lazima. Ikiunguruma, chomoa RCA upande wa sabufa: muungurumo ukikoma, chanzo kiko kwenye kebo hiyo au kwenye vifaa vilivyounganishwa nayo, na jambo la kwanza la kujaribu ni kuchomeka sabufa na risiva kwenye soketi moja ya umeme.