Metroid Dread ni ngumu, lakini haikuonei

Kila nikisikia mtu analalamika kwamba gemu ya Metroid Dread imezidi ugumu, namuuliza kwanza: umeicheza kwenye TV au mkononi? Mimi nimeimaliza kote kote, na nasema bila kusitasita kwamba nyumbani kwake ni mkononi. Ukiishika Switch, mashine ya Nintendo inayochezeka kwenye TV na mkononi pia, karibu na uso, spika za masikioni zimeziba kelele za nyumba, ugumu wake unaeleweka.

Kwa wasioijua, wewe ni Samus Aran, mwindaji wa kukodiwa wa anga za juu, mwenye suti ya kivita na mkono wa kulia uliogeuzwa mzinga. Roboti saba ziitwazo E.M.M.I. zilitumwa kwenye sayari ya ZDR kuchunguza kimelea hatari kiitwacho X, zikapotelea huko. Samus anazifuata, anapigwa vibaya na shujaa wa kabila la Chozo, anapoteza karibu uwezo wake wote, kisha anazinduka chini kabisa ya sayari. Kazi yako ni kupanda mpaka kwenye chombo chake kilichobaki juu.

Hizo E.M.M.I. ndizo zinazowatoa watu jasho. Kila moja ina eneo lake, na ukivuka mlango rangi zinafifia na unaanza kuisikia ikilia huku ikitafuta. Silaha zako za kawaida haziitoboi. Ikikuona, taa inakuwa nyekundu, milango ya eneo inajifunga, nawe huna ujanja ila mbio: teleza chini ya ukuta, rukia dari, jifiche ikibidi. Ikikukamata unapata nafasi ndogo mno ya kubonyeza kitufe na kujinasua, na nafasi hiyo haiji kwa wakati uleule kila mara, kwa hiyo huwezi kuikariri. Mara nyingi utakufa tu.

Sasa, baada ya kufa unarudishwa mlangoni ulipoingilia, papo hapo. Hupotezi kifaa wala sehemu ya ramani, na hulazimishwi kutembea upya nusu ya sayari. Kila kifo kinakuachia kitu: umejua kwamba maji ya kule chini yanakuchelewesha, umejua kwamba ngazi ya kushoto haifiki popote. Hapo ndipo ninapoona heshima ya watengenezaji kwa mchezaji. Wamekunyima uhai wa Samus, lakini muda wako hawakuugusa. Na ukishapata nguvu ya Omega, meza inapinduka: unasimama mwisho wa ukumbi mrefu, unaichoma kwa risasi mfululizo mpaka ngao ya usoni inabanduka, unachaji risasi ya mwisho huku inakujia, unaachia. Moyo unadunda, na nusu ya raha hiyo inatokana na kwamba kioo kiko inchi chache tu kutoka machoni.

Kuna jambo jingine la mkononi ambalo wengi hawalitaji. Gemu hii inasevu kwenye vituo maalumu tu. Mtu mwenye mtoto, mwenye zamu, au mwenye umeme wa kukatika ovyo angeteseka. Lakini kwenye Switch unabonyeza kitufe cha kuzima mara moja, Samus anaganda alipo, hata kama yuko katikati ya pambano na bosi, yaani adui mkubwa. Ukiiwasha baadaye unaendelea na pigo lilelile. Gemu ngumu inahitaji mtu kupumzika na kurudi na akili mpya, na hapa unapumzika wakati wowote.

Wala sidhani kwamba ni bahati tu. Metroid imelelewa mkononi: ya pili ilitoka kwenye Game Boy, mashine ya mkononi ya Nintendo, mwaka 1991, Fusion kwenye Game Boy Advance mwaka 2002. Yoshio Sakamoto, kiongozi wa mfululizo huu kwa miaka mingi, alitaka kuitengeneza Dread enzi za Nintendo DS, teknolojia ikamgomea. Ikabidi asubiri mpaka alipofanya kazi na studio ya MercurySteam ya Hispania kwenye Samus Returns ya 3DS, mrithi wa DS, mwaka 2017, ndipo akaona wanaiweza. Dread ikatoka tarehe 8 Oktoba 2021, siku ileile ya Switch ya OLED yenye kioo cha inchi 7. Giza la ZDR kwenye kioo kile ni giza kweli.

Lawama ninayo moja: vidole. Unashikilia L ulenge, R utoe makombora, huku gumba linaruka na jingine linaelekeza. Switch ni nyembamba pembeni, na Raven Beak, bosi wa mwisho, ana awamu tatu usizoweza kusevu katikati. Mikono inakufa ganzi kabla hajaanguka yeye.

Februari 2022 watengenezaji wakaongeza hali mbili za kucheza: moja inayokupa nafuu zaidi ya kurejesha uhai, nyingine ambayo ukiguswa mara moja umekufa. Waliokejeli ile nyepesi wamekosea kabisa. Sayari ni ileile, mabosi ni walewale, na mtu aliyeshindwa kuvuka mwaka 2021 sasa anaweza kuona mwisho wa hadithi. Anayetaka kuanzia hapo aanzie bila aibu. E.M.M.I. ikimkamata, itamuua vilevile.