Jáchymov sio dola tu jamani

Ukigugo Jáchymov kitu cha kwanza utakachoambiwa ni kwamba jina la hela ya dola limetokea huko, na wengi wakishasoma hapo wanaridhika wanafunga. Mimi naona hiyo ndo stori ndogo kuliko zote za ule mji.

Ni kweli lakini, sipingi. Mji uko Ucheki magharibi, kwenye milima ya Krušné hory jirani kabisa na mpaka wa Ujerumani. Mwaka 1516 mwinyi mmoja anaitwa Štěpán Šlik akauanzisha baada ya madini ya fedha kupatikana bondeni, miaka michache mbele anapiga sarafu zake mwenyewe, nzito kweli, zikaitwa thaler kwa sababu Wajerumani waliuita mji Joachimsthal, dola ikatokana na hapo. Ukoo wa hizo sarafu ulifika mpaka kwetu, maana ile thaler ya Maria Theresa, malkia wa Austria, ndo ilikuwa hela ya Zanzibar enzi za Sayyid Said. Šlik mwenyewe wala hakufaidi sana, akafia vita ya Mohács huko Hungaria 1526. Miaka ya 1530 mji una watu kama 18,000, Bohemia nzima (ndo Ucheki magharibi hiyo) ukitoa Praha hakuna uliouzidi, na leo hata 3,000 hawafiki.

Sasa njoo kwa wakazi maarufu. Kila orodha inaanza na Georgius Agricola, daktari wa mji kuanzia 1527, jamaa aliyeandika De re metallica, kitabu cha uchimbaji kilichotoka 1556 yeye ameshafariki. Huyu namheshimu, kwa sababu alienda kuwaangalia wachimbaji wenyewe akaandika vumbi linavyokula mapafu, hadi anasimulia kwamba kwenye migodi ya milima ya Carpathian kulikuwa na wanawake walioolewa na wanaume saba, wote wamekufa kwa kifua. Mtu wa Geita au Mirerani akisoma hapo hahitaji kufafanuliwa.

Fedha ikapungua, na wachimbaji wakawa wanakutana na jiwe jeusi zito wanalitupa huko, eti mkosi, maana likitokea ujue fedha imeisha. Kumbe ndo lenye urani. Baadae wakaligeuza rangi ya kutia kwenye vioo, halafu Marie Curie na mumewe Pierre wakaomba yale mabaki yaliyotupwa, yakaletwa Paris kwa tani, humo ndo wakaitenga radiamu, ile metali yenye mionzi waliyoigundua 1898. Mji ukafufuka! Watu wenye hela wakaanza kuja kuogea maji yenye radoni, gesi ya mionzi, kutibu viungo, ikajengwa hoteli kubwa Radium Palace, na mpaka leo mgodi wa Svornost unatoa maji ya kuogea wagonjwa.

Hapo ndo watalii wanapoishia, na hapo ndo mimi ninapokasirika. Maana baada ya vita ya pili Wasovieti walitaka urani ya bomu, Wajerumani waliokuwa wakazi wa pale walishafukuzwa, vibarua hawatoshi, basi kuanzia 1949 serikali ya kikomunisti ikajaza makambi ya wafungwa kule mlimani na wengi kosa lao lilikuwa siasa tu. Na migodi ilikuwa na majina matamu, mmoja Usawa, mwingine Undugu, yaani mtu anapelekwa kwa bunduki kuchimba Undugu.

Wamo mabingwa wa dunia humo. Timu ya taifa ya Chekoslovakia ya hoki ya barafu ilibeba kombe la dunia 1947 na 1949, 1950 wakazuiwa kusafiri kwenda London kutetea ubingwa, wakaenda baa kulalamika kama ambavyo mchezaji yeyote angefanya, wakakamatwa. Kipa Bohumil Modrý akapigwa miaka 15, Augustin Bubník 14, wakaishia kwenye urani. Walitoka 1955, Modrý akafariki 1963 ana miaka 46 tu.

Na msiniambie enzi zile hawakujua madhara. Kansa ya mapafu ya wachimbaji wa Jáchymov madaktari walishaiandika kabla ya vita, radoni wakaishuku. Walijua, wakashusha watu hivyo hivyo.

Na sisi wasomaji wa Kiswahili hii inatuhusu kuliko tunavyodhani. Kilichoiangusha biashara ya radiamu ya Jáchymov miaka ya 1920 ni mgodi wa Shinkolobwe, Katanga huko Kongo, Wabelgiji walikuta mawe yenye urani nyingi kuliko popote, bei ikaporomoka, na baadae sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ikatoka huko huko. Jáchymov angalau majina ya waliofungwa yapo, mengine yameandikwa, kuna kumbukumbu, tangu 2019 eneo liko urithi wa dunia UNESCO. Wachimbaji wa Shinkolobwe, waliokuwa wakiongea Kiswahili hiki hiki, nitajieni wawili.