"Huenda" ya Mtaalamu na Herufi W

Juzi pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, nilimsomea mama mmoja muuza dagaa aya ya ripoti ya utafiti kuhusu ziwa letu, Victoria. Nilipofika kwenye "huenda samaki wamepungua kutokana na…" akanikatiza: "Huenda? Kwa hiyo hawajui, mwanangu?"

Wengi wako upande wake. Kwao, mtaalamu anayesema "huenda" anajikinga tu ili kesho asishikwe shati.

Mimi neno hilo nalitetea. Aliyevuta nyavu Ghuba ya Mwanza hawezi kuliapia ziwa zima la karibu kilomita za mraba 68,800. "Huenda" inaonyesha ushahidi wake umeishia wapi. Tena upole hushawishi. Mwaka 1953 wanasayansi James Watson na Francis Crick walipoeleza umbo la DNA, kemikali inayobeba urithi wa viumbe, walianza kwa kusema wangependa kupendekeza muundo. Kupendekeza tu, na dunia ikawasikiliza.

Kinachonisumbua ni kidogo kuliko neno: ni herufi w, ile ya kauli ya kutendwa. "Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960." Ni kweli, na sarufi haina kasoro. Ila nani alimwingiza? Ile w imemeza watu: maofisa wa uvuvi wa zama za ukoloni, waliotaka samaki mkubwa awale furu, visamaki vya miiba visivyo na soko, awageuze minofu ya kuuzika. Imemeza na ubishi wao. Mwaka 1960 mtaalamu Geoffrey Fryer aliandika kupinga mpango huo. Ukisoma "aliingizwa" utadhani sangara alinyesha kama mvua, kisha furu wa aina nyingi wakatoweka wenyewe.

(Simlaani sangara. Viwanda vya minofu vya mji huu vimesomesha watoto wengi.)

Mahali pengine w hiyo ina haki yake. "Maji yalipimwa asubuhi, mita kumi kwenda chini": hapo jina la mpimaji halina kazi, kwa sababu yeyote akipima vilevile anatakiwa apate jibu lilelile. Lakini kupima maji si sawa na kuamua hatima ya ziwa. Aliyeamua aandikwe.

Nilimrudia yule mama nikamfafanulia: "huenda" maana yake hapa wamevua na kuhesabu, kule bado.

Akafunga gunia lake. "Na huko bado, watakwenda lini?"